Majani Yaliyoelekea Mafigani

Scovia aliuita mto wangu mtoto. Kila nilipouvuta kutoka chini ya kitanda aliuliza kama mtoto ameshiba, kama ameoga, na kama baba yake anajulikana kwa majina mawili.

"Mtoto gani huyu anadungwa mwili mzima na halii?" alisema. "Huyu ni wa kuombewa."

Nilimwacha aseme. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja mtaa wa Najma, Doha, vitanda viwili vya ghorofa, na yeye ndiye aliyelala juu yangu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema. Mto niliushona mwenyewe kwa shuka la hoteli lililoondolewa kazini, nikaujaza vipande vya nguo hadi ukawa mgumu kama mkate wa juzi. Juu yake palikuwa na karatasi yenye matundu, pini zaidi ya mia, na vijiti arobaini na vinne vilivyoning'inia, kila kijiti kimezungushiwa uzi mweupe mwembamba. Vijiti vyenyewe ni vile vya kulia tambi. Scovia ni mlinzi katika jumba moja kubwa la maduka, upande wa vyakula, na ndiye aliyeniletea, huku akilalamika kwamba kwao Mbale mtu akionekana anaokota vijiti vya mezani huitiwa ndugu zake. Nilivikata, nikavisugua kwa msasa hadi vikawa laini. Alileta hadi vilipotimia, kisha akaendelea kuleta.

Nilikuwa nafuma kitambaa cha mkono cha binti yangu.

Kwetu Bungoma kazi hii ya lesi ililetwa na sista mmoja Mbelgiji, aliyewafundisha wasichana wa misheni. Wengi walijifunza wakasahau. Nyanya yangu alijifunza akaolewa nayo, na masista walipoondoka, kazi ilibaki katika jiko letu peke yake. Haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya vitambaa vya mkono tu, kimoja kwa kila binti: mraba mdogo mweupe, na pindo zake zote nne zimezungukwa na majani ya lesi. Binti hupewa siku moja, siku anayohama nyumba ya mamake. Mwanamke mzee kuliko wote humfunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono pale mlangoni, kisha humwuliza mbele ya watu nani amemfumia. Binti hutaja jina la mamake. Kama mamake amefariki, hutaja jina la aliyeshika nafasi yake. Jibu la tatu halijawahi kuwapo.

Mimi nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikataa kujifunza. Nilimwambia Mama hiyo ni kazi ya kujitafutia upofu. Alicheka, akasema basi atafuma yeye na kipofu atakuwa yeye.

Changu nilifungwa siku niliyoondoka kuja Doha. Mama mkubwa aliniuliza nani amekufumia, nikasema Rosalia, kwa maana ndilo jina la Mama, tukacheka, tukapanda kwenda stendi. Pale stendi Chelsea, mwenye miaka tisa, alishika sketi yangu kwa mikono miwili. Hakulia. Alishika tu. Utingo alishapakia mzigo, watu walishaanza kunung'unika. Nikafungua kile kitambaa mkononi mwangu, nikamwekea kwenye kiganja.

"Nishikie hiki," nilimwambia.

Ili akishike, ilimbidi aiachie sketi.

Baada ya hapo nilirudi nyumbani mara tatu kwa likizo. Mara ya kwanza alinikimbilia. Mara ya pili alinisalimia kwa mkono. Mara ya tatu alinitandikia kitanda cha wageni.

Aliponiambia kuhusu Trevor, mchumba wake, na kwamba harusi itakuwa Desemba ya mwaka unaofuata, niliomba ruhusa siku ile ile. Msimamizi wetu Douglas, mtu wa Kisii asiye na makuu, alinieleza kwa upole kwamba Desemba hoteli haimpi mtu likizo hata kama mwenye kuolewa ni yeye. Nilikaa na hilo siku mbili. Kisha nikampigia Mama, nikamwambia anifundishe. Kama mwili wangu hautakuwapo mlangoni, jina langu litakuwapo. Alicheka mwanzoni. Aliponiona sicheki, akaniuliza nina pini ngapi.

Tulianza siku ya Ijumaa. Hapa misa ya Jumapili husaliwa Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na saa zetu na za Kenya ni zile zile. Nilirudi kutoka kanisani, nikaketi kitandani na mto mapajani, nikaisimamisha simu kwenye mkebe wa maziwa. Upande wa pili Mama alikuwa kwenye kigoda chake jikoni, na mto wake mapajani, na Chelsea amemshikia simu. Mara nyingi sikumwona Chelsea. Niliona mikono ya Mama, na pembeni, ukizuia kidogo picha, ubavu wa kidole gumba cha binti yangu.

Wanawake wa kwetu hawafundishi kwa kulia na kushoto. Nyanya alikaa mahali pamoja maisha yake yote, kwa sababu ya mwanga, na Mama alikaa ubavuni mwake, na kila aliyejifunza baadaye alikaa pale pale, ametazama upande ule ule. Kwa hiyo katika kazi yetu kuna mlangoni, upande ulioko mlango, na kuna mafigani, upande ulioko moto.

"Cha mafigani kipite juu, kiende mlangoni," Mama alisema. "Sokota. Pini. Sasa rudi."

Nilifuata mikono yake. Mwanga wa mlango ulionekana vizuri kwenye kioo cha simu, weupe mkali uliompiga Mama shavu moja. Kila aliposema mlangoni nilitazama ule weupe nikapeleka uzi upande huo.

Nisijidanganye, mimi ni fundi. Hotelini kazi yangu ni sindano: pindo za shuka zilizoachana, vitambaa vya meza vilivyounguzwa na mishumaa, vifungo vya makoti ya wahudumu. Vidole vyangu vinaujua uzi. Hata hivyo miezi minne ya kwanza nilifumua kila nilichofuma. Jani moja la lesi yetu, lisilozidi ukucha wa kidole kidogo, lilinichukua Ijumaa nzima. Na kuna Ijumaa hazikuwapo kabisa. Wageni walijaa, tukaitwa kazini siku ya mapumziko, nikamwandikia Mama kwamba leo sitaweza. Alijibu sawa. Aliendelea kufuma bila mimi, na nilipopiga juma lililofuata nilikuta kazi yake imesogea mbele, pindo ya pili, pindo ya tatu. Nilidhani anaitangulia ili anionyeshe njia.

Macho yake yalikuwa yakififia. Jicho la kulia lilishaingia mtoto wa jicho, na la kushoto, daktari alisema, litafuata. Alifuma kwa ncha za vidole, uso ameuinua kama anayesikiliza redio.

Nilimaliza katikati ya Novemba. Scovia alinawa mikono mara mbili kabla ya kukigusa. Alikinyoosha kwenye mgongo wa mkono wake mweusi ili majani yaonekane, akasema kwamba kumbe mtoto ni mzuri, amefanana na mama yake, bahati mbaya. Kwamboka, muuguzi tunayesali naye, alikuwa anasafiri Alhamisi. Nilimpelekea kwake, mtaa wa Al Mansoura, kikiwa ndani ya mkebe wa biskuti, nikamwambia asiuweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Aliuvusha Nairobi na hadi Bungoma ukiwa mapajani mwake. Ni mtu wa aina hiyo.

Ijumaa iliyofuata nilipiga simu kabla hata ya kuvua nguo za kanisani.

Mama alikitoa mkebeni mbele yangu. Akatoka nacho mlangoni, Chelsea akamfuata na simu. Alikisogeza kwenye jicho la kushoto, kisha akaacha kutazama, akapitisha kidole kwenye pindo. Niliona kidole kikitembea jani kwa jani. Kikafika pembeni. Kikasimama. Kikarudi nyuma.

"Nasimiyu," alisema. "Mlango wa jiko letu uko mkono gani?"

Nilicheka. Nikasema kushoto. Kisha nikasikia nilichosema.

"Kulia, Mama," nikajirekebisha. "Mtu akiketi kwenye kigoda, uko kulia."

"Haya," alisema.

Nilizaliwa katika nyumba ile. Nimechutama kwenye jiko lile miaka ishirini na saba, nikichochea, nikikuna nazi za Krismasi, nikinyonyesha. Mlango uko kulia. Lakini Mama kwenye simu alikuwa amenikabili, na mlango wake wa kulia ulikuwa weupe ulioko kushoto mwa kioo changu, nami nikafuata kioo.

"Hakuna kosa la mkono," Mama alisema. "Kila jani limefungwa vizuri, pengine kuliko yangu. Ila yamegeuka yote. Majani yetu huelekea mlangoni, maana ni ya watu wanaoondoka. Haya yako yameelekea mafigani."

Nikasema nitafuma kingine. Lakini harusi ilikuwa baada ya majuma mawili na kile nilikifuma kwa miezi ishirini. Nikauliza kama hawezi kufungwa hivyo hivyo, nani atatazama majani ya lesi siku ya harusi. Nilijua ni nani. Wote.

Ndipo Chelsea akasema, kutoka nyuma ya simu, mahali alipokuwa kwa Ijumaa zote zile:

"Mami, kuna kingine."

"Kingine kipi?"

Picha iligeuka, ikapita ukutani, ikatua kwenye mto wa Mama juu ya kigoda. Mto ulikuwa mtupu. Sikuwa nimewahi kuuona mtupu.

"Kile ambacho Kukhu alikuwa akikufundishia," alisema Chelsea. Kukhu ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu. "Kiliisha Agosti, akakiacha kwenye pini hadi chako kilipofika. Ni changu."

Mashine ya kupozea hewa ilikuwa ikinguruma juu ya dirisha letu. Niliisikiliza. Nilikuwa nimewatazama, Ijumaa baada ya Ijumaa, mama yangu akinitoa mahali pangu na binti yangu akimshikia taa, na nikashukuru kila mara kabla ya kukata simu.

"Umenizika, Mama?" nikauliza.

"Ningekuzika ningekufundisha?" Hakupandisha sauti. "Nilihesabu macho yangu. Nikahesabu na Ijumaa ulizokosa. Mtoto hawezi kusimama mlangoni mkono mtupu, Nasimiyu, huku watu wakimtazama. Niliomba umalize. Kila ulipopiga nilitazama ulipofika, nikasema akimaliza, hiki changu nitakifumua, hakuna atakayejua."

"Na sasa?"

"Sasa vipo viwili. Atachagua mwenye mkono. Mimi sitamwambia amtaje nani."

Picha ilikuwa bado kwenye mto. Kile kidole gumba kikaingia pembeni, kikatoka.

Majuma yale mawili Scovia alikasirika kwa niaba yangu, kisha akanikasirikia mimi mwenyewe. Alitaka nimpigie Chelsea nimkumbushe nani alimbeba tumboni. Alijitolea kupiga yeye. Nikamwambia mtu hawezi kuomba kutajwa. Hata hivyo nilipiga, mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza kuhusu keki. Mara ya pili aliniuliza kama viatu vyeupe vitachafuka kwenye ule udongo wetu, nikamwambia avae malapa hadi kwenye gari. Alisema asante, Mami. Nilisubiri aseme kitu. Nadhani na yeye alisubiri.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi na nilikuwa zamu. Douglas alinipa nusu saa, akazima kikaushio kilichokuwa karibu na meza yangu ili nisikie, akatoka akafunga mlango. Niliiegemeza simu kwenye rundo la taulo. Nyumbani aliyeshika simu ni binamu mmoja mwenye mikono ya kucheza, kwa hiyo niliona paa, niliona kuku, niliona maturubai ya kukodi, ndipo nikaona mlango wa nyumba ya Mama.

Chelsea alitoka amevaa nguo nyeupe na malapa. Nikayaona yale malapa nikasahau kidogo kuogopa. Mama mkubwa, dada yake Mama, ambaye sasa anatembea kwa magongo mawili, alikuwa amewekewa kiti pale kizingitini, na mapajani mwake pana sahani yenye vitambaa viwili vilivyokunjwa. Aliinua sahani.

Chelsea alitazama sahani. Kisha akachukua kimoja, akakifungua, akanyoosha mkono. Binamu alisogea karibu. Majani yalielekea mlangoni.

Mama mkubwa alifunga fundo polepole.

"Nani amekufumia?"

"Rosalia," alisema Chelsea.

Hakusita. Nilimtazama vizuri ili nione kama atasita, na hakusita. Sauti yake ilikuwa yangu, ile ya siku niliyokwenda stendi, jina lilikuwa lile lile, hata namna ya kulikata mwishoni. Vigelegele vikapasuka. Binamu aligeuza simu kutafuta wanaopiga vigelegele, na nikamwona Mama, ambaye hakupiga, ameegemea ukuta. Alikuwa ametazama moja kwa moja kwenye simu, kwa jicho lile la kushoto, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe mkononi. Alifumba mdomo, akafumbua, sikusikia alichosema. Wanawake wakapita katikati wakicheza.

Douglas alirudi, akawasha kikaushio. Nilimaliza vitambaa vya meza vilivyokuwa vimebaki, na vilikuwa vingi.

Kwamboka alirudi Januari. Aliniita Al Mansoura, akanipikia, akanieleza harusi yote kana kwamba sikuiona, chakula, mvua iliyonyesha saa tisa, Trevor aliyelia kuliko bibi harusi. Tulipomaliza kula alinipa mkebe wa biskuti. Ulikuwa ule ule. Nikajua ndani yake kuna kitambaa changu, kimerudishwa, na nikaukumbatia bila kuufungua hadi Najma.

Scovia alikuwa ameketi kitandani kwangu akipaka viatu vyake vya kazi rangi. Nikafungua mkebe mbele yake kwa sababu sikutaka kuufungua peke yangu.

Kilikuwa kitambaa changu, lakini si kile nilichofuma. Kilikuwa kile cha stendi. Kilishakuwa cha manjano kama karatasi ya daftari la zamani, na laini, laini kupita kiasi cha kitambaa kinachowekwa sandukuni. Pindo tatu zilikuwa nzima, majani yakielekea mlangoni. Pembe ya nne haikuwapo. Ilikuwa imetafunwa. Uzi ulikuwa umekazana ukawa vifundo vidogo vigumu, kama uzi unavyokuwa ukinyonywa, ukakauka, ukanyonywa tena, kwa muda mrefu.

Chini yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Chelsea. *Mami, hiki ni chako. Nilikushikia. Changu ninacho.*

Vya kuitwa vyake viko viwili. Kwamboka alisema siku ya kuaga alipita kwa Mama, akakitafuta kwa macho kile alichokibeba mapajani, juu ya meza, kwenye kabati la vyombo, asikione. Huenda kimekwenda na Chelsea. Huenda Mama amekiweka mahali. Ningeweza kuuliza. Tunaongea kila Ijumaa, na sasa Chelsea anapiga kutoka nyumbani kwake, na simu anaishika mwenyewe, namwona uso. Sijauliza.

Scovia aliweka brashi chini. Akaigusa ile pembe kwa ncha ya kidole.

"Hii unaweza kuifuma upya," alisema. "Sasa unajua mlango uko wapi."

Alichutama, akauvuta mto mwenyewe kutoka chini ya kitanda, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akauweka mapajani mwangu. Hakuuliza kama mtoto ameshiba.

Nilitandaza kitambaa juu ya mto, mlango kulia, nikachoma pini nne kuzunguka ile pembe. Nikatafuta ncha za uzi ambazo ningeungia wangu. Kila ncha niliyoifuata iliishia kwenye vifundo. Nikainama zaidi. Katikati ya vifundo uzi ulikuwa umebanwa ukawa bapa, kisha hapana kitu, kisha bapa tena. Nilipima kwa ukucha wa kidole kidogo. Zilikuwa alama za meno madogo ya mtoto, na jino moja halikuwa limeota.

Niling'oa pini, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikazirudisha ubavuni mwa mto, pembe ile nikaiacha ilivyo. Scovia alizima taa ya upande wake, ingawa ilikuwa bado mchana, akapanda kitandani kwake juu, akaniacha.